Ndizi Imesingiziwa

Jumapili iliyopita, kwetu Kibosho, Kilimanjaro, tulibakizwa baada ya misa ya pili kusikiliza somo la afya. Mgeni alikuja na koti jeupe na mizani ya kukanyaga. Akapima watu mbele ya wenzao, akasoma kilo zao kwa sauti, kisha akatoa hukumu: "Mama zangu, adui yenu yuko jikoni, naye ni ndizi. Ndizi ni sukari iliyovaa ganda. Itoeni, Krismasi itawakuta mmepungua." Bibi mmoja aliyezidi miaka 80, mwembamba kiasi kwamba kanga moja inamzunguka mara mbili, akanyoosha mkono. "Sasa mwanangu, nile nini?" Akaambiwa ale mayai matatu asubuhi, nyama na parachichi mchana, samaki jioni. Watu wakaandika. Mimi nilitoka na hasira ambayo hadi leo haijaniisha.

Nimechoka na imani hii. Ilianzia kwenye simu, ikaingia maofisini, sasa imefika vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba: kwamba wanga ndio unaonenepesha, na Mchagga akitaka kupungua aanze kwa kuikana migomba. Kwamba anayeacha wanga hupungua, hilo sibishani nalo. Ninachobishia ni sababu tunayopewa, kwa sababu ni ya uongo, na uongo huo unatupokonya chakula chetu.

Mdogo wangu anayeishi Pasua, Moshi mjini, aliacha wanga mwezi wa tano. Siku ya sita alinipigia simu huku akipiga vigelegele: kilo mbili zimekwenda! Zilikwenda wapi? Zilikwenda chooni. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba inayoitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima hufika kama nusu kilo, na kila gramu yake hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Insulini nayo ikishuka, figo zinaachia chumvi na maji mengine. Mizani inashuka kwa kasi, lakini mafuta ya tumboni yako palepale. Wiki iliyofuata alikula msibani sahani moja ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kesho yake kilo moja ikarudi, akalia na kuilaani ndizi. Yalikuwa maji tu.

Baadaye alipungua kwelikweli, na hapo pia hakukuwa na muujiza. Alikuwa anakula kidogo. Nyama na mayai vinashibisha, njaa ikapoa. Halafu tujiulize aliacha nini hasa. Aliacha maandazi mawili na chai yenye vijiko vitatu vya sukari, soda ya mchana, chipsi mayai za jioni na bia za Jumamosi. Ndizi alikuwa akila mara mbili kwa wiki, basi. Vyote hivyo viliondoka kwa mkupuo, lakini lawama yote ikabebeshwa ndizi.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine likapunguza mafuta. La wanga lilipungua wastani wa kilo 6.0, la mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo watafiti wenyewe walisema haina uzito. Na makundi yote mawili yaliagizwa jambo moja: acheni sukari na unga uliokobolewa, kuleni mboga kwa wingi. Hata yule William Banting, mzishi wa London aliyeandika kijitabu mwaka 1863 na kuueneza mtindo huu wa kula, alijitoa kwenye mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Hakuwa na mgomba nyuma ya nyumba.

Lakini kwa nini tupande ndege wakati ushahidi uko hapa mlimani? Kijiji cha Shari kiko Wilaya ya Hai. Miaka ya 1990 watafiti waliwapima watu wa Shari na watu wa Ilala, Dar es Salaam, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Shari, wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 1.7 na wanawake asilimia 1.1. Ilala, wanaume walikuwa asilimia 5.9 na wanawake asilimia 5.7. Wanene nao walikuwa wengi zaidi mjini. Sasa nijibuni. Kama ndizi ni sukari iliyovaa ganda, Shari yenye migomba hadi mlangoni ilipaswa kuwa wodi. Kisukari kilikuwa Ilala. Migomba iko Shari, kisukari kilikuwa Ilala! Nitalirudia hili hadi mgeni wa koti jeupe alisikie.

Na mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, uliofanyika hapahapa Kilimanjaro kwa wanaume 77. Wa vijijini walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, soseji, mkate mweupe na chipsi. Damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe ndani ya mwili. Wa mjini walirudishwa kwenye chakula cha asili cha mlimani, ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, na dalili hizo zikapungua. Hapa nazungumzia damu, si vitambi, lakini mimi sihitaji zaidi ya hapo kujua chakula kipi kina kesi ya kujibu.

Kuna anayenijibu: mbona Wamasai hawali wanga na ni wembamba? Mwenye hoja hii anatoka Shanty Town, hapa Moshi, na gari hadi soko la Mbuyuni kununua nyama kilo mbili, kisha anajifananisha na mtu anayetembea nyuma ya ng'ombe tangu alfajiri. Na Mmasai wa leo anakula ugali kama sisi. Anayetaka mwili wa Mmasai achukue na fimbo na ng'ombe, aondoke Moshi kwa miguu.

Tena tuangalie inavyopikwa. Mama yangu alipomenya mchare, ndizi yetu ya kupika, alipaka kwanza mafuta kidogo viganjani, maana utomvu ukikauka unabaki mweusi kwenye kucha wiki nzima. Maganda yalikwenda kwa ng'ombe. Ndizi ziliingia sufuriani na nyama robo kilo, watu sita tukala. Hakumimina mafuta; uzito wa mchuzi ulitoka kwenye ndizi yenyewe. Na kabla ya sufuria kukaa motoni alikuwa ameshuka hadi bondeni na kupanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Leo tunaichukua ndizi ileile na kuizamisha kwenye mafuta. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Halafu anayeshtakiwa ni mgomba!

Na watoto wetu wananeneshwa na nini? Nendeni kwenye sherehe yoyote ya kipaimara mhesabu kreti. Mtoto wa miaka saba anamaliza soda tatu, mama yake anapiga picha. Hilo halina somo. Kisha tukishawaaminisha vijana kwamba migomba ni sumu, tunashangaa wanapokata kihamba vipande na kukiuza kama viwanja.

Kubwa kuliko yote ni yaliyompata jirani yangu wa Rau. Ana kisukari. Mwaka jana alisikia somo kama hili, akaacha wanga siku hiyohiyo huku akiendelea kujidunga insulini kwa kipimo kilekile. Tulimkuta sakafuni, shati limelowa jasho, sukari imeshuka, hatambui mtu. Aliyemfundisha hakumwambia amwone daktari kwanza ili dozi ipunguzwe. Alimwambia tu aache ndizi.

Somo la Jumapili lilipokwisha, vijana walibeba kreti zilizopangwa nyuma ya ukumbi. Mgeni akafunguliwa soda ya machungwa, akainywa yote akiwa amesimama karibu na mizani yake. Bibi yule alisema yeye anataka maji. Akanywa, akafunga kanga yake, akaanza kupanda kilima kwenda kupika.