Amri ya Nane na Simu Yako

Wapo watumishi wenzangu wanaohubiri kwamba mitandao ya kijamii ni ya shetani. Asubuhi wanailaani madhabahuni, jioni wanarusha picha za ibada kwenye kundi la WhatsApp la usharika. Nayapinga mahubiri hayo. Yanambebesha shetani dhambi iliyo yetu.

Nianze na yangu. Mwaka juzi nilipokea ujumbe wa sauti kuhusu mtu aliyesemekana anaiba watoto kijijini kwetu. Niliusambaza kwenye makundi matatu, nikidhani ninawalinda kondoo. Jioni ile fundi baiskeli mmoja, mgeni, alipigwa hadi mwenye duka alipomfungia ndani kumwokoa. Kumbe mwandishi mmoja wa wilayani kwetu alikwisha kwenda polisi, kwa mtendaji wa kijiji na shuleni, akathibitisha kwamba hakuna mtoto aliyepotea. Aliiweka taarifa yake Facebook, ikasomwa na watu wachache. Ujumbe wangu ulifika kila nyumba, kwa kuwa ulitoka kwa mchungaji. Nilikwenda kumwomba fundi radhi. Bado anachechemea.

Mwandishi yule hana ofisi wala mshahara. Magazeti hayafiki kwetu, na yakifika yamejaa habari za Dodoma na Dar es Salaam. Bila mitandao, habari za kisima kilichokufa au dawa zilizokosekana zahanati asingekuwa na pa kuziweka. Huo ndio ukurasa wake. Lakini ukurasa si mali yake. Kampuni zinazoumiliki ziko mbali, zinaishi kwa matangazo, na huweka mbele kile kinachowafanya watu wabonyeze na kubishana. Habari iliyochunguzwa siku tatu inasukumana na uvumi uliotungwa kwa dakika tatu, na mara nyingi uvumi hushinda.

Juu ya hayo kuna gharama na hatari. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu ndogo awe na leseni, kwa ada zilizofikia takriban shilingi milioni 2 kabla hazijapunguzwa baadaye. Na Azory Gwanda, aliyeliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Hajarudi nyumbani.

Sisi Walutheri tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine. Hoja 95 za mwaka 1517 zilienea kwa sababu wachapaji wa Leipzig, Nuremberg na Basel walizichapa upesi. Matengenezo yalisafiri kwa chombo kipya cha habari, na chombo hicho hicho kilichapa pia matusi na uzushi. Mwaka 1525 Luther mwenyewe aliwakemea wachapaji waliochukua kazi yake kwa wizi na kuitoa ikiwa na makosa. Leo tunafanya vivyo hivyo: tunanakili habari ya mwandishi, tunafuta jina lake, tunaongeza chumvi, tunatuma.

Wengine watasema waandishi nao ni waongo, wanaandika kwa bahasha. Ni kweli, wapo. Lakini asiyelipwa na wasomaji wake atalipwa na yule anayeandikwa. Na bahasha hizo hata sisi tunazitoa. Mwandishi akija kwenye harambee yetu tunampa "nauli", tukitarajia atuandike vizuri.

Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba amri ya nane haitimizwi kwa kunyamaza tu. Inatudai tumtetee jirani na kulilinda jina lake. Basi anayesambaza asichokichunguza ameivunja, hata kama ameandika "nimetumiwa kama nilivyopokea". Na anayemwacha mchunguzi wa kweli afe njaa amemsaidia mwongo. Luka hakuandika Injili kwa kusikia mlangoni. Anatuambia mwanzoni kabisa kwamba alifuatilia mambo yote kwa uangalifu, kwa waliokuwapo.

Kwa hiyo nawadai wasomaji wangu mambo matatu. Kabla ya kutuma, uliza nani alikwenda, nani alishuhudia. Ukituma kazi ya mwandishi, itume kutoka kwenye ukurasa wake, ikiwa na jina lake. Tatu, toa fedha. Baada ya ibada tunashindania papai moja kwenye mnada hadi shilingi 20,000, na tunafanya vema. Mtu wa namna hiyo hawezi kuniambia kwamba shilingi 2,000 za bando la mwandishi kila mwezi zimemshinda.

Zitoke mfukoni mwako, si kwenye kapu la sadaka. Siku moja mwandishi huyo atapaswa kuandika kuhusu fedha za usharika wetu, na siku hiyo nataka awe huru.