Buibui wa Mashhad na Jaa la Kware

Ati sinema ya muuaji ni burudani tu! Neno hilo lilizusha ubishi nilipokuwa Soko la Toi, ule upande wa kuelekea Makina kwa Wanubi, penye kibanda cha kuuzia filamu. Iliyokuwa ikibishaniwa ni Holy Spider, aliyoitengeneza Ali Abbasi, mzaliwa wa Iran, mwaka 2022. Yaani buibui, na jina hilo kwetu Pwani lina maana mbili, na zote mbili zimo humo.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Katika mji wa Mashhad, mwaka 2000 na 2001, mwashi aitwaye Saeed Hanaei aliwapakia wanawake kwenye pikipiki, akawapeleka kwake na kuwanyonga kwa mitandio yao wenyewe. Waliuawa 16. Aliposhikwa hakukana; alidai anausafisha mji, kwani wale walikuwa makahaba. Alinyongwa 2002.

Kitishacho zaidi ni wale waliompa heko, na Abbasi hakuwaficha. Mwishoni mwanawe wa kiume anaonyesha mbele ya kamera jinsi baba alivyofanya, na dada yake mdogo ndiye anayeigiza maiti. Wakuu wa Iran waliikemea filamu hii kuwa inautukana Uislamu. Mimi sioni hivyo. Sharia tuijuayo humtaka amsingiziaye mwanamke zinaa alete mashahidi wanne, na akiwakosa, mijeledi 80 ni ya mgongo wake. Hanaei alileta nani? Nilichochukia mimi ni kule kunyonga kulikoonyeshwa kwa karibu na kwa kirefu mno.

Na Mashhad si mbali, ndugu msomaji. Julai 2024, hapa hapa Nairobi, miili iliyokatwakatwa na kutiwa magunia ilitolewa katika jaa la Kware, Mukuru kwa Njenga, machimbo ya mawe ya zamani, na kituo cha polisi ki karibu pale pale. Polisi walisema waliyemkamata amekiri kuua wanawake 42 tangu 2022. Wakili wake akasema aliteswa. Agosti akatoroka kituo cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12. Na hapo kibandani bado kijana mmoja aliuliza: wale walikuwa wanawake wa namna gani, na usiku walikuwa wakienda wapi?

Mama mmoja muuza mitumba alimjibu kwamba yeye hutoka nyumbani kabla ya alfajiri kwenda Gikomba kununua marobota. Akipotea, naye ataulizwa alikuwa akienda wapi? Kijana akajitia kupanga kanda zake.

Watengenezaji wetu wakiiigiza Kware siku moja, ningependa wamwache muuaji kwanza. Na waanzie kwenye meza ya kituo cha polisi, pale mtu anapokuja kuandikisha kuwa dada yake hakurudi, na askari anaanza kwa kumuuliza dada huyo alikuwa amevaa nini.