Usiibeze Helmeti ya Plastiki

Mwonyeshe mkusanyaji wa helmeti za zamani za makomando helmeti nyeusi ya Pro-Tec, naye huenda akakujibu kwa tabasamu: "Hiyo ni ya vijana wa kuchezea mbao za magurudumu." Ataulizia ya titani au ya Kevlar. Kwake yeye, helmeti ya vita ni ile inayozuia risasi. Isiyozuia haistahili kabati.

Kauli hiyo ina msingi. Pro-Tec ilianza kuuzwa California miaka ya 1970 kwa ajili ya wanamichezo. Ni ganda la plastiki lenye sponji ndani, na bei yake ilikuwa ya dukani. Risasi haizuii, wala haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, makomando wa Delta Force wa Marekani waliivaa Mogadishu mwaka 1993, ingawa walikuwa na ruhusa ya kuchagua vifaa ambayo askari wa kawaida hana. Kabla ya kuicheka, tujiulize waliona nini ndani yake. Naona mambo matatu.

Kwanza, aina ya hatari. Anayeteremka kwa kamba kutoka kwenye helikopta, au anayepenya mlango mwembamba gizani, kichwa chake hukutana na chuma na zege mara nyingi kuliko risasi. Desemba 1989, huko Panama, Delta walimtoa gerezani Mmarekani Kurt Muse. Helikopta ndogo iliyowaondoa ikapigwa, ikaanguka mtaani. Muse alitoka salama, ila makomando kadhaa walijeruhiwa. Mwendesha bodaboda haulizi kama helmeti yake inazuia risasi. Anajua lami ndiyo adui yake. Makomando nao waliwajua adui zao, na kugonga kichwa kulikuwa mmojawapo.

Pili, uzito na masikio. Helmeti ya Kevlar ya jeshi la Marekani, PASGT, iliyoonekana vitani Grenada mwaka 1983, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1.4 hadi 1.9 kulingana na saizi, na ilishuka hadi masikioni. Kwa askari aliye handakini hilo ni jema. Kwa anayefanya kazi huku redio imembana sikioni, na shingo inageuka kila kona, ni mzigo. Pro-Tec ilikuwa nyepesi na iliacha nafasi ya vipokea sauti.

Tatu, kipimo chenyewe kina kasoro. Helmeti ya chuma ya M1, iliyoanza kutumika mwaka 1941, haikuundwa kusimamisha risasi ya bunduki ya vita. PASGT pia iliundwa hasa kwa ajili ya vipande vya mabomu. Basi kama sharti la kuingia kabatini ni kuzuia risasi ya bunduki, M1 ambayo wakusanyaji huiweka rafu ya juu nayo itolewe. Hakuna anayekubali kuitoa, na ni haki. Lakini anayeibakiza M1 hawezi kuifukuza Pro-Tec kwa kosa lilelile.

Nakiri kwamba uchaguzi huo ulikuwa na gharama. Katika mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa, na mmoja wao alikuwa komando aliyepigwa risasi kichwani akiwa na helmeti ya plastiki. Baadaye vikosi hivyo viligeukia helmeti zenye kinga zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja MICH. Lakini itazame vizuri. Imefumwa kwa nyuzi za jamii ya Kevlar, ila ukingo wake umepandishwa kuliko wa PASGT ili vifaa vya redio vipate nafasi, na ndani ina mito ya sponji badala ya mikanda. Kinga iliongezwa, na zile sifa za Pro-Tec zikabaki.

Nakiri pia kwamba kughushi ni rahisi. Mtu hununua helmeti kuukuu ya michezo, akaipulizia rangi nyeusi, akaikwaruza, akasimulia vita. Hilo linatudai uangalifu zaidi. Halitupi sababu ya kudharau. Mikwaruzo si ushahidi. Tafuta mkono ilikotoka na karatasi zake, umri wa sponji na mikanda, na picha ya wakati ule ambayo alama za rangi, gundi na velkro zinalingana na helmeti iliyo mkononi mwako. Bila hayo, ilipe bei ya helmeti ya michezo na usiongeze senti.

Ikiwa nayo, usiirudishe mezani kwa muuzaji. Kuna mtu aliyewekewa helmeti nzito mbele yake akachukua hii nyepesi, akijua kabisa haizuii nini. Sababu zake ndizo tunazozikusanya.