BUSTANI YA NYUMBANI: Mmea Unaojilisha kwa Wadudu

Mvua za kwanza zikianza kunyesha mwezi wa Novemba, shuka bondeni siku moja pamoja na watoto wako. Usiishie penye mahindi wala kabeji. Nenda mpaka kwenye tope jeusi karibu na chemchemi, mahali ambapo watu husema, “Hapa hapafai kitu.” Chuchumaa, utazame chini.

Huenda ukaona mmea mdogo, urefu wake kama shubiri moja, wenye majani yaliyojaa vinywele vyekundu. Kwenye ncha ya kila kinywele kuna tone linalong'aa kama umande. Lakini jua la saa sita likikausha umande wote, tone hilo hubaki. Si umande, ni ulimbo! Mdudu akitua hapo hunaswa, sawa na ndege kwenye ulimbo wa watoto. Kisha vinywele vya jirani huinama polepole juu yake, jani hutoa maji ya kumyeyusha, na baada ya siku kadhaa hubaki ganda tupu. Wataalamu huuita mmea huu Drosera.

Jirani yake ni Utricularia, wenye maua madogo ya manjano au ya zambarau. Huo hauna mizizi. Ndani ya maji na tope una vifuko vidogo mno, na mdudu wa majini akigusa mlango wa kifuko hufyonzwa ndani upesi kuliko kupepesa jicho.

Hapana uchawi hapa. Kila mmea unahitaji naitrojeni, nasi huiongeza shambani kwa samadi. Kinamasi kina naitrojeni haba, kwa sababu maji huuosha udongo na majani yaliyokufa hayaozi vizuri. Muumba ameijalia mimea hii njia nyingine: chakula kisichopatikana ardhini, hukipata kwa wadudu. Charles Darwin wa Uingereza alichapisha kitabu kizima juu ya mimea ya namna hii mwaka 1875.

Je, waweza kuupanda nyumbani? Naam, tena kwa gharama ndogo. Twaa karai la plastiki, ulitoboe ubavuni. Changanya nusu kwa nusu mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri na udongo mweusi wa kinamasi, ujaze mpaka uso wake uwe juu ya tundu kwa vidole vinne. Hivyo maji yatakaa chini ya mchanga, wala mbu hawatapata pa kuzalia. Tia maji ya mvua tu, maana ya kisima mara nyingi yana chumvi. Weka karai juani. Mbegu zake ni laini kama ugoro: zinyunyize juu, usizifukie. Mwezi wa Juni na Julai, kwenye baridi kali ya Mufindi au Makete, liingize karai ndani usiku.

Na sasa sikieni, akina mama na akina baba: msitie samadi, wala majivu, wala mbolea ya dukani. Kinachonenepesha mahindi huuua mmea huu. Wakatazeni watoto wasiulishe nyama, utajitafutia wenyewe.

Tena msiing'oe ovyo. Palipo na mingi katika shamba lako, chukua mmoja tu, au mbegu. Mnakumbuka habari za chikanda: mizizi yake ilichimbwa kwa magunia ikauzwa Zambia, hata maua yake yakawa haba. Hiyo ni sababu mojawapo ya Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na humo hairuhusiwi kung'oa mmea wowote.

Wewe mwenye kinyungu, jambo hili lakuhusu zaidi. Mtaro ukichimbwa na mikaratusi ikipandwa kwenye chemchemi, mmea huu ni miongoni mwa vya kwanza kutoweka. Ukiutafuta usiuone pale ulipokuwapo zamani, basi huenda maji yamepungua, au mbolea imeteremka kutoka mashambani. Na maji hayo ndiyo mnayochota kwa kunywa! Karai hulinda mmea mmoja. Chemchemi hulindwa kwa kuachiwa kinamasi chake.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Lakini hata pasipo mtu wa kutukagua, mahali tunaposema hapafai kitu, Mungu alikwisha kupanda. Basi kabla ya kuanza kulima vinyungu mwaka huu, waite jirani zako, pimeni pamoja eneo la kuzunguka chemchemi yenu, mweke alama, na jembe lisivuke hapo.