Jero ya Bodaboda na Buku Tano ya Mhudumu

Likizo iliyopita nilishuka Isaka saa tatu usiku. Basi lilikuwa limetuharibikia njiani, nimechoka, begi zito, na kwa mbali upande wa Kahama radi zinapiga. Kama unavyojua vituo vyetu vya barabarani, kabla mguu haujagusa chini bodaboda wameshakuzunguka. Nikamchagua mmoja. Nyumbani kwetu ni upande wa pili wa reli.

"Shilingi ngapi?"

"Buku mbili, bosi. Usiku huu, na begi hilo."

Nikamwambia buku na jero. Akasema mvua inakuja. Nikageuka, nikapiga hatua mbili kama naondoka. Mbinu hiyo kila mwanachuo anaijua. Akaniita, "Haya panda." Nikapanda, nikijiona mjanja kweli.

Siku tatu baadaye tulikutana Kahama, wanachuo wanne tunaotoka kanda hii, tukaingia kwenye mgahawa wenye kiyoyozi. Tukala, tukapiga picha. Bili ilipokuja nikatoa hela, nikamwambia yule dada aliyetuhudumia, "Chenji kaa nayo." Ilikuwa buku tano. Mmoja wetu alikuwa anarekodi kwa ajili ya status. Hapo nikajiona muungwana.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kaka yangu mkubwa naye ni bodaboda hapo hapo Isaka. Jioni ile nikamsimulia habari za mgahawa, na sikuiacha ile ya chenji. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza taratibu: "Na yule aliyekuleta usiku ule ulimlipa ngapi?"

Nikanyamaza. Kumbe wanakaa kijiwe kimoja. "Alituambia," kaka akaendelea, "mdogo wako kweli msomi, anajua hesabu."

Dah!

Tangu siku hiyo swali la bakshishi halijanitoka kichwani. Nani apewe, lini, na kiasi gani? Nimewauliza wenzangu hosteli, na majibu yao yananirudisha pale pale. Wengi wetu tunatoa bakshishi pale tunapotazamwa, na tunapunguza bei pale asipokuwepo wa kututazama. Mgahawani bei imeandikwa kwenye karatasi nzuri, kwa hiyo tunaiheshimu na kuongeza juu yake. Kwa bodaboda, mama lishe na mbeba mizigo bei imo mdomoni, kwa hiyo tunaishusha. Kisha tunajiita wakarimu.

Hoja yangu ni hii: bakshishi inaanza baada ya bei. Kama hujamlipa mtu bei yake, huna bakshishi ya kumpa, una deni.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo tuliyotajwa nayo. Kaka yangu pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka elfu nane kwa tajiri, apate abiria asipate. Petroli ni juu yake, pancha ni juu yake. Kwa hiyo safari za asubuhi zote ni za tajiri na za kituo cha mafuta. Kinachobaki jioni, hicho ndicho chakula cha nyumbani. Nilipokata jero usiku ule sikumpunguzia tajiri hata senti, wala petroli haikushuka bei. Jero yote ilitoka kwenye fungu dogo kuliko yote, la yule aliyeniendesha kwenye upepo wa mvua.

Kuna na hii ya simu. Mnapatana buku mbili, unafika, unasema huna keshi, unamtumia buku mbili kamili. Akienda kwa wakala kutoa, makato yanamngoja. Ukituma bila ya kutolea umelipa pungufu ya mlichopatana. Nasema wazi: ya kutolea si bakshishi, ni sehemu ya bei. Vivyo hivyo kwa anayetoa noti ya elfu kumi kwa safari ya buku huku akijua fika dereva hana chenji, ili asamehewe. Sisi tunaoshika boom tuna ufundi mwingi wa namna hii.

Bei ikishalipwa sawasawa, ndipo tuulize lini kuongeza. Kwangu mimi jibu ni pale mtu alipofanya jambo ambalo halikuwa kwenye mapatano. Bodaboda aliyekusubiri nusu saa nje ya duka wakati mlipatana kwenda tu. Aliyekwenda polepole kwenye mashimo kwa sababu nyuma amempakia mama yako anayetoka hospitali. Dereva wa bajaji aliyekurudishia simu uliyoisahau kwenye kiti. Utingo aliyeshuka kwenye matope kukusaidia gunia. Mama lishe aliyekuongezea mchuzi wiki uliyokuwa huna kitu, halafu hakukumbusha. Hawa ukiwapa jero, buku, au soda ya baridi, unawaambia kwamba umeona walichofanya. Kwetu tunasema "wabeja", na mara nyingine wabeja ya mdomo peke yake haitoshi wakati mfukoni unacho.

Na mhudumu wa mgahawa je? Simnyimi. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa kuwa shilingi 130,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata 5,000 kwa siku. Kima hicho kimepandishwa tangu wakati ule, lakini weka kiwango kile pembeni ya posho ya Bodi ya Mikopo ya shilingi 10,000 kwa siku, ambayo kila muhula tunailalamikia kuwa ndogo. Tunailalamikia kwa haki. Basi na yule anayetuletea sahani tumfikirie kwa hesabu hiyo hiyo. Ila hakikisha inamfikia. Sehemu nyingine hela unayoiacha ndani ya kile kijitabu cha bili inaishia kaunta. Mpe mkononi, kimya kimya, bila kamera.

Kanda yetu ina fundisho jingine, na hapa naomba vijana wenzangu wa kiume mnisikilize. Huku Geita na Kahama ni nchi ya dhahabu. Duara la mtu likitema, usiku ule baa nzima inajua. Ananunulia wote, anamwaga noti, na mhudumu wa kike anapewa kubwa kuliko wote. Halafu anaombwa namba ya simu. Akikataa anaitwa mwenye dharau, "nimekupa hela yangu bure." Tusiwacheke wachimbaji, hata sisi na boom tunafanya hivyo hivyo kwa wiki mbili za kwanza. Hela inayodai tabasamu, namba au zaidi ya hapo ni malipo ya kitu ambacho yule dada hakukitangaza kuuza. Kama umempa, umempa. Ondoka na asante yako.

Sasa nije kwenye mpaka ambao lazima tuulinde, kwa sababu Kiswahili chetu kina maneno mengi ya kuufichia: chai, soda, ya maji, ya vocha. Tofauti ya bakshishi na rushwa naipima kwa maswali mawili. Je, anapewa kabla au baada? Na je, ana uwezo wa kuninyima haki yangu? Mhudumu aliyekwisha kunihudumia hana cha kuninyima. Lakini karani mwenye muhuri anao uwezo huo. Nauli za mabasi zinasimamiwa na LATRA na tiketi umeshakata, kwa hiyo kondakta anayetaka "ya soda" ili akupe siti yako mwenyewe haombi bakshishi. Anayekwambia faili lako "halionekani" mpaka utoe ya vocha haombi bakshishi. Na wewe ukitoa unamharibia mwanafunzi anayekuja nyuma yako, ambaye hana.

Nchi yetu ilishawahi kujichanganya hapa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu wagombea kutoa "takrima", yaani ukarimu wa kimila kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Kanga na pilau vinavyotolewa na anayetaka kura yako haviwezi kuitwa ukarimu. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ambayo TAKUKURU wanaitumia hadi leo. Uchaguzi wa serikali yetu ya wanafunzi unapokuja, na chipsi kuku zikaanza kutembea vyumbani, tukumbuke takrima.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza: "Sisi wenyewe tuna ukata, tutoe wapi?" Ndugu yangu, sikukuomba utoe usichonacho. Bakshishi si kodi, na mwenye ukata hana dhambi. Lakini ukata haukuzuii kulipa bei kamili, kuandaa chenji, kumsalimia mtu kwa heshima yake badala ya kumpigia mluzi, na kusema asante. Na kama bei imekuzidi, sema mapema, "Kaka, nina buku na jero tu," umwache aamue. Hiyo ni tofauti na kuwa na elfu kumi mfukoni ukaigiza unaondoka.

Ya pili ni nzito zaidi, na aliitoa rafiki yangu anayesoma uchumi: bakshishi inamsaidia tajiri. Mwajiri akiona wateja wanatoa, analipa kidogo. Hapo ana hoja. Marekani kima cha chini cha shirikisho kwa wafanyakazi wanaopewa bakshishi kimekaa dola 2.13 kwa saa tangu mwaka 1991. Mwajiri anatakiwa kufidia endapo bakshishi haikufikisha kima cha kawaida, lakini mzigo mkubwa umeachwa kwa mteja. Historia yao inatugusa hasa sisi tuliokulia mji wa reli. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni ya George Pullman ya Chicago iliajiri watu weusi, wengi wao waliotoka utumwani, kuwahudumia abiria kwenye mabehewa ya kulala. Mshahara ulikuwa mdogo, na kilichobaki wakitafute kwa abiria, kwa kutabasamu hata walipotukanwa. Mwaka 1925 waliunda chama chao, kiongozi wao A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakapata mkataba wenye mshahara bora na saa chache za kazi. Waliopigania hawakuomba abiria waongeze bakshishi. Walidai mshahara.

Kwa hiyo nakubaliana na rafiki yangu nusu. Bakshishi isigeuke mshahara. Lakini hilo halitatatuliwa kwa mimi kumnyima dada wa mgahawani buku moja leo. Litatatuliwa na wanaopanga mishahara na hesabu, na hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu watu hao tutakuwa sisi. Wangapi kati yetu tunasema tukipata ajira tutanunua pikipiki mbili tuzitoe kwa hesabu? Wangapi tunaota kufungua mgahawa? Isaka inakua. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanajaa bandari kavu, na reli ya SGR kutoka Mwanza, kilomita 341, inajengwa kuja kwetu tangu jiwe la msingi lilipowekwa mwaka 2021. Watakuja abiria, na watakuja matajiri wapya wenye shahada. Siku hiyo utapanga hesabu ya elfu nane au ya elfu sita? Siku ya mvua, ambayo abiria hakuna, utadai yote? Jibu la swali hilo litamsaidia dereva kuliko bakshishi zote utakazowahi kutoa.

Mpaka tufike huko, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Tulipe bei. Tuweke ya kutolea. Tumwongezee aliyeongeza. Tukatae kumpa mwenye muhuri. Na tuache kamera mfukoni.

Siku ya kurudi chuo nilimtafuta yule bodaboda kijiweni. Akanipeleka kituoni, nikampa buku mbili bila kuuliza bei, nikaweka na jero juu yake. Akaitazama mkononi.

"Hii ya nini?"

"Ya usiku ule."

Akacheka, akaitia mfukoni. "Basi deni limeisha," akasema huku akiwasha pikipiki. "Bakshishi yangu bado."