"NI UTAMADUNI TU"



Ndugu yangu Muislamu, wewe uliyeniandikia kwa hasira baada ya kuona picha yangu nikiwa kijijini Finland kwenye sherehe ya mavuno, nimekusikia, na zamu yako inakuja. Lakini wewe uliyenipongeza ukasema "Ustadhi kaelewa, ule ni utamaduni tu", wewe umenitisha zaidi. Nianze na wewe.

Sherehe ile inaitwa Kekri. Huja mwanzoni mwa Novemba, kazi za shamba zikiisha. Mwaka 1551 Mikael Agricola, ambaye baadaye alikuwa askofu wao, aliorodhesha vilivyoabudiwa na watu wa kule, akamtaja Kekri kuwa ndiye waliyedhani anazidisha mifugo. Usiku huo familia ziliwasha sauna, chumba chao cha kuogea kwa mvuke, ili roho za wazee waliokufa zije kuoga, kisha zikaandaliwa meza. Walio hai nao walikula na kulewa makusudi, wakiamini meza ikipungua leo, mavuno ya mwakani yatapungua. Watu wengine walivaa manyoya na pembe kama mbuzi, wakapita nyumba kwa nyumba kudai chakula na pombe.

Chakula cha maiti na riziki inayotafutwa kwa ulevi, hiyo ndiyo "utamaduni tu"?

Utasema, "Ustadhi, siku hizi hawaamini hayo, wanachoma mbuzi wa mabua na kupiga picha." Wengi wao ni kweli hawaamini. Lakini mtu mmoja alipoweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana, Mtume (S.A.W) alimuuliza kama pale palikuwa na sanamu lililoabudiwa zama za ujahilia, na kama palikuwa na sikukuu yao mojawapo. Angalia, aliuliza yaliyokuwapo. Alipoambiwa hapana, ndipo akamruhusu. Sasa wewe unamvisha mwanao pembe za karatasi aende na wenzake, halafu unataka nikuambie ni mchezo?

Haya, wewe mwenye hasira. Nilikwenda, ndiyo. Mzee mkulima, jirani wa wenyeji wangu, ambaye theluji ikizamisha gari lao huja na trekta kulitoa bila kudai senti, alitualika. Katika Suratul Mumtahina Allah hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Tukaenda mchana, kwenye soko lao. Tukanunua viazi, asali na soksi za sufi, tukampelekea mzee sambusa. Kule mwezi huo Magharibi huingia mapema mno, tukaaga kabla ya moto na pombe, na nikamweleza wazi kwa nini. Hakuchukia. Wallahi, mtu huheshimiwa zaidi akisema dini yake kwa upole kuliko akijifanya anaumwa tumbo.

Ila mzee aliniuliza swali: "Ninyi mkivuna, mnamshukuru vipi Mungu?"

Mwenyeji wangu, mtu mzima, mwenye shamba la mpunga nyumbani, aliinamisha kichwa. Nikajibu mimi. Nikamwambia Qur'ani, katika Suratul An'aam, imetuamuru kutoa haki ya mazao siku ya kuvuna, bila israfu. Kilichonyweshwa na mvua, sehemu moja ya kumi. Kilichomwagiliwa kwa gharama, nusu yake. Mzee akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akasema hilo ni jambo zuri sana, maskini wa kwenu bila shaka wanashiba.

Nilione haya hadi leo sijui niliitikia nini.

Maana wewe unayenitukana una magunia ghalani tangu msimu uliopita. Kiwango ni wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa sasa wanazikadiria kuwa zaidi kidogo ya kilo 600. Umepima? Na yule kuku mweusi aliyepelekwa mzimuni kabla ya kupanda, ukasema ni mila ya wazee, mbona hukuniandikia? Aya ya 136 ya sura hiyohiyo inawasema waliomtengea Allah fungu la mazao na miungu yao fungu. Isome kwanza, kisha urudi tuzungumze habari za Wafini.

Na mwenye mazao yaliyofika kiwango ambaye hakutoa, bado ni deni shingoni mwake. Atoe sasa, asingoje msimu ujao.

Wallaahu a'lam.