Vitu Vyetu Vilivyoko Tervuren

Kule Tervuren, Ubelgiji, liko jumba kubwa la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1910. Humo mmewekwa vinyago na ngoma za Kongo, mawe ya madini yetu, hata samaki wa Tanganyika. Mgeni wa huko hulipa kiingilio akatazama. Mchimbaji wa Kamituga na mvuvi wa Uvira, ambao mali ni yao, hawafiki bila viza.

Wala si vyote vilivyonunuliwa. Mwaka 1884, katika milima ya Marungu, kusini-magharibi ya ziwa letu hili, watu wa Luteni Storms, Mbelgiji, walimuua chifu Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa. Fuvu likapelekwa Ulaya. Sanamu yake pia ikachukuliwa, ikaishia Tervuren.

Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu 84,000 hivi. Orodha hiyo isilale Kinshasa! Iletwe Uvira, iandikwe kwa Kiswahili, isomwe mbele ya wazee, kila ukoo utambue kilicho chake. Asiyejua alichonyang'anywa atadai nini?